Usipopinga Kufikia Adhuhuri

Asubuhi ile jengo la mikutano lilifurika watu kama stendi siku ya kufunga shule. Mawaziri, makatibu wao, walinzi wenye nyuso za kununa, waandishi wa habari wanaosukumana kwa mabega, kila mmoja ana haraka na kila mmoja anataka kitambulisho chake kwanza. Nyuma ya meza ya mapokezi alisimama binti aliyevaa sketi ya bluu iliyokolea na blauzi nyeupe yenye kola ya duara, nguo alizoshonewa na mama yake maalumu kwa siku hiyo, na viatu vipya vilivyokwisha kumchubua visigino kabla hata mlango wa ukumbi haujafunguliwa.

Nyumbani walimwita Balozi. Jina hilo alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa wadogo zake, na ajabu ni kwamba kila usuluhishi ulipokwisha, kipande kikubwa cha mkate kilikuwa mkononi mwake. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisoma siasa na uhusiano wa kimataifa. Alikuwa ameandika kurasa na kurasa kuhusu vita, mikataba na mizani ya nguvu baina ya mataifa. Kisha chuo kikampeleka mafunzo kwa vitendo katika jumuiya ya nchi zinazochangia mto mmoja, idara ya itifaki, na huko mizani ya nguvu aliyokabidhiwa ikawa ni kupanga vibao vya majina mezani na kuangalia bilauri zisikauke maji.

"Na ole wako uwakalishe wale wawili uso kwa uso," mkuu wa itifaki alimwonya. Alikuwa mama mrefu, mnyoofu, asiyecheka mpaka mkutano ufungwe. "Wakitazamana hadi chakula cha mchana, mwanangu, hapo hakuna mkataba tena."

Katikati ya purukushani hiyo akatokea kijana aliyevaa koti la kijivu, skafu ya kahawia shingoni na joto lote lile, na chupa ya chai kwapani.

"Karibu, kaka. Jina lako?"

Kijana akatabasamu, akagusa koo lake, akatikisa kichwa.

"Uko na ujumbe wa nchi gani?"

Akatikisa kichwa tena, akaelekeza kidole juu.

Maskini, bubu, Balozi alijisemea, na moyo wake ukajaa huruma. Akaanza kusema polepole, mdomo ameupanua kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alipoona haisaidii akajaribu lugha nyingine, kisha nyingine, kisha mikono. Foleni ikaanza kuguna. Mwishowe alitoka nyuma ya meza, akamshika kijana wa watu kiwiko, akampandisha ngazi taratibu mpaka kwenye viti vya wasaidizi, akamketisha na kumwekea maji.

"Ukitaka chochote, nyoosha mkono," alimwambia kwa sauti ya juu, akiunyoosha wake kumwonyesha. "Usione haya!"

Kijana akaweka kiganja kifuani kushukuru. Mabega yalikuwa yanamtikisika kidogo, na Balozi akadhani ni kwa kuguswa.

Mkutano ulipofunguliwa, Balozi alisimama nyuma ya ukumbi, akavaa kisikilizio. Mbele, waziri mmoja alianza kuhutubia kwa lugha ya kwao, na sikioni mwa Balozi ikaingia sauti ya kiume ya Kiswahili, nzito, tulivu, isiyo na haraka. "Mheshimiwa mwenyekiti, nina furaha kubwa kusimama mbele yenu leo..." Akainua macho kwenye kibanda cha wakalimani, kile chumba kidogo cha kioo kilicho juu ya ukumbi. Skafu ya kahawia hii hapa. Kijana alimwona, na bila kukosa neno hata moja la waziri, akanyoosha mkono juu, vilevile alivyoelekezwa.

Balozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wakati wa mapumziko alimfuata mpaka dirishani. "Kumbe unasema!"

"Ndiyo kazi yangu."

"Na asubuhi je?"

"Asubuhi huwa siongei kabla ya kazi. Koo langu ni kama gari bovu, ukiliwasha mapema linakuzimikia njiani."

"Si ungeniambia basi!"

"Saa ngapi? Ulikuwa hupumui." Macho yalikuwa yanamcheka. "Halafu ulikuwa unanihudumia vizuri hivyo, nikukatishe mimi nina wazimu?"

"Umeniaibisha mbele ya foleni nzima."

"Mbele ya foleni nzima ulinishika mkono, dada yangu. Hapo wa kulalamika ni nani?"

Balozi akaangua kicheko, cha sauti, kile ambacho mkuu wa itifaki alikuwa amekipiga marufuku. Siku hiyohiyo akambandika jina la Sauti, na jina likaganda.

Mapenzi yao hayakuwa na makuu. Walikula mchana pamoja kwenye ngazi za nyuma, viatu vya Balozi vimewekwa pembeni, Sauti akimwaga chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa. Balozi alikuwa mtu asiyetulia. Akikaa, mguu unacheza. Akisimama, anazungusha kitambulisho chake kwenye kamba mpaka kamba inakuwa kitanzi. Sauti alikuwa kinyume chake. Ukimwuliza jambo, alinyamaza kwanza.

"Wewe kila kitu unachelewa," Balozi alimtania. "Mtu anakuuliza una njaa, unafikiri kana kwamba umeulizwa siri ya serikali."

"Mazoea ya kazi, mpenzi. Mkalimani hutembea hatua mbili tatu nyuma ya msemaji. Ukijifanya unajua anakokwenda, atageuka ghafla, wewe uingie mtaroni peke yako."

"Ulishawahi kuingia?"

"Mara moja. Waziri alisema, 'Tunawaomba wageni wetu wote...' Nami kwa kiherehere nikamalizia, 'mjisikie nyumbani.' Yeye akamalizia, 'waondoke kabla ya mwisho wa mwezi.'"

Balozi alicheka mpaka chai ikampalia. "Ukafanyaje?"

"Nikaapa kwamba sitajibu wala kumalizia sentensi ya mtu ambaye hajafunga mdomo. Hata iwe yako."

Sasa, katika jumuiya ile kulikuwa na desturi moja ya kazi waliyoiita utaratibu wa ukimya. Rasimu ikikamilika haipigiwi kura. Inasambazwa kwa nchi zote pamoja na saa ya mwisho, na mwenye pingamizi alitoe kabla ya saa hiyo. Wakinyamaza wote, imepita. Balozi alikuwa ameusoma utaratibu huo darasani akauona wa kuchosha, lakini alipouona kazini aliupenda kupita kiasi. Hakuna kubishana, hakuna kuombana, hakuna mtu kuonekana ameshindwa. Akauhamishia kwenye mapenzi.

"Rasimu," alimwandikia Sauti. "Jumamosi tunakwenda mpirani. Usipopinga kufikia adhuhuri, imepita."

Sauti hakujibu, na Jumamosi alikuwa getini na kofia mbili za jua. Wiki iliyofuata: "Rasimu. Hiyo skafu ya kahawia ikawe ya kudekia sakafu. Usipopinga kufikia adhuhuri, imepita." Simu ililia papo hapo.

"Napinga!" Sauti alifoka, na sauti ile ya kuhutubia mataifa ilimfanya Balozi aweke simu mbali na sikio. "Napinga kwa nguvu zote! Hii skafu tumetoka nayo mbali!"

Kwa hiyo Balozi alijua, au alidhani anajua: jambo asilolitaka, Sauti hulipinga.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, mkuu wa itifaki alimwita ofisini. "Ofisi yetu ya ng'ambo inataka mtu. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Nimetaja jina lako." Alisema hivyo huku akipanga kalamu zake, kana kwamba anazungumzia bilauri. "Nataka jibu Ijumaa, adhuhuri."

Mhadhiri wake alipopigiwa simu alipiga vigelegele vya mdomo mmoja. "Nenda! Wenzako wataomba miaka kumi wasipate!" Balozi alikata simu akabaki amesimama uani kwa mama yake, hajui aingie ndani au atoke nje. Kazi aliitaka. Tangu akiwa darasa la kwanza wanamwita Balozi, na leo ubalozi umemgongea mlango. Na alimtaka Sauti pia. Akifungua jokofu, analifunga bila kutoa kitu. Akishika kitabu, anasoma mstari uleule. Kazini alipanga vibao vya majina mara mbili, akaviondoa, akavipanga tena.

Angemwuliza tu, mambo yakaisha. Lakini angeulizaje? Akisema "nibaki?" atakuwa amejirahisisha. Akisema "naondoka" atakuwa amemfukuza. Na akimwuliza, akachelewa kujibu kama kawaida yake, zile sekunde si zitamuua? Akashika simu.

"Rasimu. Nimepata kazi ng'ambo, mwaka mzima. Nitaikubali. Usipopinga kufikia Ijumaa adhuhuri, imepita."

Akabonyeza kutuma, kisha akaanza kuomba kwa moyo wake wote apingwe.

Alama mbili za ujumbe ziligeuka bluu. Ameusoma. Balozi alisubiri. Jioni hiyo, kimya. Kesho yake walipishana kwenye korido, Sauti na chupa yake ya chai, na alichofanya ni kutabasamu kidogo, tabasamu lisilofika machoni, akagusa koo lake, akapita. Balozi alibaki anamtazama mgongo. Skafu, alisema moyoni, skafu umeipigania kama mtoto wako wa kumzaa. Mimi je?

Ijumaa alizunguka na simu mkononi kama mtu anayetafuta mtandao. Adhuhuri ilifika. Simu haikutikisika. Alipanda ofisini kwa mkuu wa itifaki, akasema, "Nimekubali, mama," kwa sauti kavu, na yule mama akamtazama juu ya miwani kwa muda kabla ya kumpa mkono.

Aliporudi chini, simu ikalia. Sauti. Hakupokea. Ukaja ujumbe: "Hongera, mpenzi. Najivunia sana."

"Unajivunia!" Balozi aliiambia simu, na mtunza bustani akageuka. Akamfungia namba. Kisha akaingia chooni, akalia huku akifuta machozi haraka haraka ili wanja usitiririke.

Mwisho wa wiki ulikuwa mrefu. Jumatatu mama yake alimpigia akiwa kazini, kelele za cherehani zikisikika nyuma.

"Balozi, unakula?"

"Nakula, mama."

"Mwongo. Nguo nakupunguzia mimi, kiuno chako nakijua. Yule kijana amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu. Hicho ndicho alichonifanya."

Ikabidi amweleze yote: rasimu, adhuhuri, hongera. Cherehani ikanyamaza.

"Ngoja nielewe," mama alisema. "Ulitaka akuambie usiende?"

"Nilitaka aseme chochote!"

"Na ulimwambia kwamba unataka aseme?"

"Mama, nilimpa nafasi ya kupinga."

"Ulimwambia umekwisha kuamua kwenda, kisha ukampa saa ya mwisho kama mtu wa kodi. Mimi sikusoma hayo mambo yenu ya mataifa, lakini mteja akija hapa akaniambia 'nishonee gauni jekundu, usipobisha nimeshaamua,' mimi nashona. Akitaka la kijani atajijua." Mama alishusha pumzi. "Siku ya kwanza alinyamaza ukamwona bubu. Leo amenyamaza umemwona hakupendi. Kila akinyamaza wewe unajisomea yako. Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema unachotaka."

"Nitaonekanaje?"

"Utaonekana umesema! Haya, na Jumapili unitafutie mtu mwenye mgongo wa kunibebea hii cherehani kwa fundi. Imeanza kuruka nyuzi, na wadogo zako kila nikiitaja wanaugua."

Balozi alikata simu, na ubishi ukabaki naye. Mama anasema tu, alijiambia. Mama hakuiona ile bluu.

Siku ya kufunga mkutano, baada ya wiki nyingi za majadiliano, ukumbi ulijaa tena. Balozi alisimama mahali pake pa nyuma na sketi ileile ya bluu, sasa imelegea kiunoni. Hakutaka kuvaa kisikilizio, lakini kazi ni kazi. Mwenyekiti alitangaza kwamba rasimu ya mkataba wa mto ilisambazwa, saa ya mwisho imepita, hakuna nchi iliyopinga, kwa hiyo imepitishwa. Makofi yalikuwa yameanza pale kiongozi wa ujumbe wa nchi ndogo kuliko zote alipowasha kipaza sauti chake.

Alikuwa mzee mfupi mwenye suti pana. Alizungumza lugha ya kwao, na Kiswahili kikaingia sikioni mwa Balozi kwa sauti aliyoikimbia tangu Ijumaa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mnasema tulinyamaza. Ni kweli, nilinyamaza. Jirani yangu alikuwa anataka kitu chema, alichokihangaikia miaka mingi, nami sikutaka kuwa jiwe njiani mwake. Nikaona heshima ni kunyamaza. Lakini hakuna aliyeniuliza mimi nitaishije baada ya hapo. Ningeulizwa, ningesema. Ningesema kwamba..."

Sauti ikakatika.

Mzee aliendelea kuzungumza, midomo inacheza, lakini masikioni hamkuwa na kitu isipokuwa pumzi. Wajumbe wakaanza kugonga visikilizio vyao. Kisha ikaingia sauti ya mwanamke, mkalimani mwenzake, ikidaka maneno katikati. Balozi akainua macho. Kule nyuma ya kioo Sauti alikuwa amevua kisikilizio na ameinama, skafu ameishika kwa mikono miwili.

Siku zote hizo Balozi hakuwahi kumsikia akiacha sentensi ya mtu njiani. Ghafla akaelewa.

Akaweka chini jagi la maji alilokuwa amelishika.

"Wewe, unakwenda wapi?" mkuu wa itifaki alinong'ona kwa ukali. "Mkutano haujafungwa!"

"Naenda kutoa pingamizi, mama."

"La nchi gani?"

"La kwangu mwenyewe."

Alipanda ngazi nyembamba za nyuma, viatu mkononi. Mlango wa kibanda ulifunguka kabla hajaufikia, Sauti akatoka akiwa amekunja uso, na alipomwona akasimama palepale.

"Ulikuwa unataka kupinga," Balozi alisema, anahema.

Sauti alifunga mlango wa kibanda nyuma yake. Kisha akasema, "Niliandika. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta."

"Kwa nini ulifuta? Skafu uliipigania!"

"Skafu ni yangu. Maisha yako si yangu." Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Uliandika 'nitaikubali.' Hukuandika 'nifanyeje.' Jambo hili unalitafuta tangu mtoto. Ningesema baki, ungebaki, halafu kila siku ningekuona unazungusha hicho kitambulisho chako ukijua ni mimi niliyekufungia hapa. Nikasema moyoni, bora nife na tai shingoni."

"Na skafu."

"Na skafu," alikubali, bila kucheka.

"Mimi nilitaka unipinge! Nilikaa na simu kama kichaa nikiomba unipinge!"

"Basi si ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo. Ule ulionipigia nao kelele mapokezi."

Balozi alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, na safari hii wanja aliuacha utiririke unakotaka. Akaweka viatu chini. Akaificha mikono nyuma, kisha akakumbuka maneno ya mama yake, akaitoa.

"Haya. Nasema. Hakuna rasimu, hakuna adhuhuri. Nakupenda. Nakwenda, kwa sababu nisipokwenda nitajichukia. Lakini sitaki kwenda kama mtu aliyeachwa. Nataka unipigie kila asubuhi, hata kama huongei, nisikie unavyokunywa hiyo chai yako. Nataka ukasirike nikikawia kurudi. Na nauliza." Alimeza mate. "Mwaka ukiisha nikarudi, utakuja kwa mama yangu uka..."

"Ndiyo."

Balozi akabaki mdomo wazi. "Sijamaliza!"

"Ndiyo," Sauti alirudia.

"Wewe si uliapa? Si unasubiri mtu afunge mdomo kwanza? Hujui nilikuwa nakwenda wapi! Labda nilitaka uje umbebee cherehani kwa fundi. Imeanza kuruka nyuzi."

"Hiyo nitaibeba Jumapili hii." Alifungua skafu shingoni, akamfuta nayo wanja mashavuni, skafu ile ile iliyokuwa na kinga ya kidiplomasia. "Sasa maliza sentensi yako. Nataka kuisikia yote."

Balozi akaimaliza, neno baada ya neno, bila kuharakisha hata moja. Sauti alimsikiliza mpaka akafunga mdomo, ndipo akajibu tena.